Mfuko wa Kulalia Nje

Mimi si mwepesi wa hasira. Nimekaa na mama mkwe miaka kumi na tisa chini ya paa moja, na hakuna siku aliyonisikia nimepaza sauti. Lakini asubuhi ile mjukuu wangu Violeth alipoingia ndani, nguo zimelowa umande, meno yanagongana mpaka hawezi kusema shikamoo, hasira ilinipanda, na sijui kama imeshuka mpaka leo.

Violeth ana miaka ishirini na moja. Alikuwa mafunzoni na kikundi cha vijana wanaotembeza wageni kwenye miinuko na maporomoko ya maji ya huku kwetu Kamachumu. Hawabebi hema. Kila mmoja analala kilimani ndani ya mfuko wake wa kulalia, juu anavuta turubai jembamba la kuzuia umande, basi. Kila kitu chako unakibeba mgongoni mwako. Kwa hiyo mfuko lazima uwe mwepesi, ukikunjwa uingie kwenye ndoo ndogo, lakini usiku ukupe joto la kweli. Violeth aliununua Bukoba mjini, pale Kashai, kwa Haidari anayeuza mitumba ya vitu vya safari. Usiku wa kwanza tu ndio uliomrudisha hivyo. Na Kamala, kiongozi wao, akamwambia, "Jumamosi tunapanda tena. Ukishindwa safari hiyo, usirudi."

Niliushika ule mfuko. Mwepesi, ndiyo, kama gunia tupu, maana ndani hamkuwa na kitu. Nikampima nao. Ulimwishia kwapani. Kitambaa cha ndani kilikuwa na picha za vidubu.

"Violeth, hukuona kwamba huu ni wa mtoto?"

"Niliona, Bibi. Akaniambia kwa kulala bwenini unatosha. Nikamwambia si bwenini, nalala nje. Akacheka. Akasema, msichana mzima alale nje, kwani amefukuzwa kwao?"

Nikaweka mfuko kwenye kikapu, kesho yake tukapanda gari la kwanza.

Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilikuwa na maneno makali, mengine ya Kihaya ambayo sijayatumia tangu nizaliwe. Tukafika Kashai mvua imetoka kunyesha. Haidari alipotuona akasimama kwa adabu. "Shikamoo Bibi, karibu, karibu ukae," na papo hapo akaninyooshea kikopo cha akamwani, kahawa yetu ile ya kutafuna. Na mimi mpumbavu, mkono wangu uliozoea miaka yote hiyo ukaenda wenyewe, ukachukua punje mbili, ukatia mdomoni. Nilipozing'ata ndipo akili ikaja. Kwetu ukishatafuna kahawa ya mtu umekuwa mgeni wake. Humtukani tena ndani mwake.

Violeth alitazama chini, anajikaza asicheke. Nilijichukia. Maneno yote yale niliyoyabeba kutoka Kamachumu yakabaki mdomoni pamoja na kahawa.

Lakini mgeni naye ana haki zake. Mgeni hafukuzwi, na akiomba jambo anasikilizwa. Nikavuta kigoda, nikakaa katikati ya duka.

"Mwanangu Haidari, ule mfuko uliomuuzia mjukuu wangu haukumfaa. Tafadhali waitu, nitolee yote uliyo nayo."

"Yote, Bibi?"

"Yote. Leo sina shughuli nyingine."

Akaanza kushusha. Wa kwanza nilishindwa hata kuuinua. "Huu abebe punda." Wa pili pamba yake ilikuwa imefuliwa ikasongamana, yote imekimbilia miguuni, kifuani kitambaa kitupu. Wa tatu zipu inang'ata nguo. Kila nilioukataa niliurudisha nimeukunja vizuri, naye jasho linamtoka. Akaingia mteja anatafuta buti, mtu wa hapo hapo Kashai aitwaye Julius.

"Bibi, umeajiriwa duka hili?"

"Namchagulia mjukuu wangu kitanda, baba."

Juu kabisa kulikuwa na mfuko wa kijani. Nikamwuliza Haidari ule je.

"Ule nimewawekea wanaume wanaopanda milima."

"Umelipiwa?"

"Hapana, ila..."

"Ushushe."

Ulikuwa wa manyoya ya bata. Nikaubana ngumini ukawa kama chungwa, nilipoachia ukaumuka kama unga wa maandazi. Nikatia mkono ndani, mara vidole vikapata joto. Una kofia ya kufunika kichwa. Ulimfika Violeth utosini na ukabaki kidogo. Ukikunjwa, nauficha chini ya kanga.

Haidari akatikisa kichwa. "Lakini Bibi, kitu kama hiki kumpa msichana ni kukipoteza. Ataenda mara mbili, ataolewa, mwisho wake atafunikia watoto."

Nilihisi masikio yanawaka. Kumtukana siwezi. Nikatoa ule wa vidubu kwenye kikapu.

"Lala."

"Nani?"

"Wewe. Ndani ya huu. Hapo sementini. Mgeni wako anakuomba."

Julius akapiga makofi. "Lala, Haidari! Bibi kasema!"

Alidhani ni mzaha, akaingia huku anacheka. Ulimfika tumboni. Sementi ilikuwa na maji ya miguu ya watu, na mlangoni unaingia upepo wa ziwani.

Nikaanza kumsimulia. Nilimwambia mwaka wa sabini na nane, askari wa Amini walipoingia Missenyi, nilikokuwa nakaa wakati ule, nilikimbia na baba yake Violeth akiwa mchanga, nikalala migombani usiku tisa. "Hakuna aliyeniuliza kama mimi ni mwanamke. Nilimweka mtoto juu ya tumbo, maana baridi haitoki juu, inatoka chini. Inaanzia kiunoni, si ndiyo?"

"Ndiyo, Bibi. Inatosha, nimeelewa."

"Bado hatujavuka hata mto Kagera, mwanangu. Tulia."

Nikamsimulia kila usiku, wa kwanza hadi wa tisa. Julius aliacha kucheka kwenye usiku wa nne. Nilipomaliza, Haidari aliinuka anashika kiuno, akachukua ule wa kijani, akampa Violeth kwa mikono miwili.

"Chukua, dada. Huu wa mtoto niachie."

Hakutaka nyongeza. Nikamshukuru kama mgeni anavyoshukuru, lakini sikutulia, Jumamosi ilikuwa bado mbele.

Jumamosi nilimfungia Violeth na majani makavu ya migomba ya kutandika chini. Jumapili mchana akarudi mkavu, uso unang'aa.

"Nimelala mpaka ndege wakaniamsha, Bibi. Wavulana wawili ndio walioshindwa, wakateremka."

"Na Kamala?"

"Amenipa nafasi."

"Nafasi gani?"

Akaanza kumenya ndizi iliyokwisha kumenywa. "Ya kuwapikia kambini. Kutembeza wageni, amesema wataanza wavulana."

"Na wale wawili walioteremka?"

"Na wao."

Nikaingia ndani kutafuta viatu vyangu. Nilipotoka, Violeth alikuwa amesimama uani, keshafunga kamba za buti zake, na uso wake siujui. Miaka ishirini na moja nimemlea, sikuwahi kumwona na hasira.

"Kwa Kamala ni huku," akasema, akatangulia.