Hesabu ya Ishirini

Kwenye mlango wa chumba changu cha chumvi nimebandika karatasi: CHUPA HAIFUNGULIWI NJE YA SANDUKU. HATA NA WEWE. Niliiandika kwa kalamu nene nikapigia mstari mara mbili, maana wasomi ni sikio la kufa, halisikii dawa. Miaka kumi na tisa nakausha chumvi katika maabara hii, na nimewahi kumtimua mtafiti mzima mwenye mvi kwa kugusa kifuniko tu.

Chumvi yenyewe si ya mboga. Ukiiacha wazi inakunywa unyevu wa hewani, na wala huuoni. Ndiyo maana inafunguliwa ndani ya sanduku la kioo tu, lile lenye glavu mbili ndefu za mpira, ambalo hewa yake tumeitoa tukaweka gesi kavu. Unyevu ukiingia, utauona siku chumvi imeyeyuka kwa moto wa nyuzi mia nne na hamsini na umeme unapita ndani yake. Maji yanavunjika, yanatoa viputo, na ulichokuwa unakipima kinageuka uongo.

Basi Jumanne, mimi huyo huyo, nilifungua chupa nje ya sanduku. Nilikuwa nimeikausha kwa siku tatu, na ndipo nikaona kijiko changu cha chuma kimelala ndani. Kufuata utaratibu wa kuipitisha sandukuni ni saa nzima ya kusimama, na goti lilikuwa linaniuma kweli kweli. Nje mvua inanyesha. Nikafungua, nikahesabu hadi ishirini, kijiko kikateleza, nikahesabu ishirini nyingine, nikafunga. Nyani haoni kundule.

Chumvi ile ilikuwa ya mwanangu. Kwa damu ni binti wa marehemu dada yangu, lakini nimemlea tangu ana miaka sita, na ugomvi wetu wote ni wa mama na mwana. Anachunguza jinsi shaba inavyotoka kwenye chumvi iliyoyeyuka na kuganda juu ya waya. Tabu ya shaba ni kwamba haigandi vizuri. Inaota miiba, na mwiba ukirefuka hadi kuugusa waya wa pili, mtambo unapiga shoti. Yeye alisema umeme ukiwashwa na kuzimwa upesi upesi, shaba itajilaza laini. Alilisema hilo mwaka mmoja na nusu bila kuonyesha picha hata moja. Profesa wake akachoka. Akamwambia kamati inakaa Jumatatu: akileta shaba laini ataendelea, asipoleta nafasi yake inafungwa na anarudi nyumbani.

Mashine ya eksirei ya kuonyesha hilo walitupa siku moja tu, kesho yake Jumatano, kuanzia saa mbili asubuhi. Mwenye kuitunza tunamwita Dakika.

"Saa kumi kamili nazima," alitupokea hivyo. "Hata kama mle ndani kuna harusi."

Mrija wa kioo wenye chumvi na nyaya mbili uliwekwa ndani ya tanuru dogo, tanuru likafungiwa kwenye kabati lenye kuta za risasi, sisi tukakaa nje mbele ya skrini. Eksirei ikipita, chumvi inaonekana kijivu na shaba nyeusi. Kitu kisichozuia chochote, kama gesi, kinaonekana cheupe.

Saa nne chumvi ikayeyuka. Mwanangu akawasha umeme wake wa kukatakata. Nilimwona anauma mdomo, kama alivyofanya kila akingoja matokeo ya mtihani. Nusu saa ikapita, weusi ukaanza kuufunika waya wa kushoto. Laini. Laini kama rangi iliyopakwa na fundi mzuri.

"Mama mdogo, unaona? Unaona lakini?"

"Naona."

Naam, niliona. Niliona weusi ule, na pembeni yake nikaona kinukta cheupe kinapanda, kisha kingine, kisha vitatu pamoja. Vinatokea kwenye waya, vinaikoroga chumvi, vinapanda. Mwiba mdogo ulichomoza chini, kiputo kikaupitia, ukapotea.

"Hivyo vyeupe ni nini?" Dakika akauliza.

"Gesi iliyobanwa tulipofunga mrija," mwanangu akajibu bila kugeuka. "Itaisha."

Haikuisha. Saa tano ilikuwepo, saa tano na nusu ilikuwepo. Profesa akaja, akainama mbele ya skrini, akaipiga picha kwa simu yake, akampiga mwanangu begani.

"Hongera. Hii ndiyo Jumatatu yetu."

Mwanangu akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu mwaka uanze, na nikatamani ardhi ipasuke inimeze. Nilijua kilichoilainisha shaba ile. Umeme wake haukuhusika. Ni viputo, na viputo ni maji, na maji ni mimi. Nikajishawishi kunyamaza. Nikajiambia huenda hata chumvi ikiwa kavu ingekuwa hivyo hivyo. Nikajiambia mtoto ameteseka vya kutosha. Halafu nikamwona ameinama anaandika kwenye daftari: chumvi kavu, siku tatu, imekaushwa na mama mdogo. Hakunipima wala hakuniuliza. Aliandika tu.

Mficha uchi hazai. Nikasimama.

"Zima."

"Nini?"

"Zima umeme. Chumvi ina maji. Niliifungua nje ya sanduku."

Mwanangu akageuka kutoka kwenye skrini. Feni ya mashine ilikuwa inavuma.

"Kwa muda gani?" mwanangu akauliza.

"Hesabu ya ishirini."

Akanitazama. Huyu nimemlea mwenyewe, nikifupisha ukweli anajua.

"Mara mbili," nikasema. "Kijiko kiliteleza."

Profesa akakohoa. "Viputo vichache tu hivi. Picha ni nzuri. Nani atauliza?"

"Atakayerudia kwa chumvi kavu," mwanangu akasema, akazima umeme.

Akageuza daftari akaandika: chupa ilifunguliwa nje ya sanduku. Akafika kwenye jina la aliyeifungua, kalamu ikasita. Nilidhani ataniruka. Akanisukumia daftari.

"Andika mwenyewe."

Nikaandika. Niliona haya, mimi mwenye karatasi ya kalamu nene mlangoni.

"Chupa ya pili?" akauliza.

"Hiyo haijaguswa."

"Saa sita na dakika tano," Dakika akasema. Safari hii hakutania.

Nilikwenda chumba cha chumvi kwa kuchechemea, karibu nikimbie. Nikaipitisha chupa sandukuni hatua kwa hatua, goti na lipasuke. Glavu zile zinakufanya ushike kila kitu kama mtu aliyekufa ganzi. Nikamimina punje kwenye mrija wa pili, nikaingiza nyaya, nikaziba, nikarudi nimeukumbatia kifuani. Mwanangu aliupokea akauingiza tanuruni. Tanuru likapanda polepole, maana mrija ukipashwa kwa haraka unapasuka, na mwingine hatukuwa nao. Saa nane na nusu chumvi ikawa imeyeyuka kabisa. Akawasha.

Tukatazama. Hakukuwa na cheupe chochote, kijivu kitupu kimetulia. Weusi ukaanza kwenye waya wa kushoto, laini, na nikamwomba Mungu kwa sauti, nikakoma. Saa tisa kasoro dakika tano ikachomoza ncha. Mwanangu akapunguza umeme. Ncha ikakaa kidogo, kisha ikaota tawi, na tawi likaota matawi. Akabadilisha mwendo wa kuwasha na kuzima, mara tatu, mara nne, vidole vinaruka kwenye vitufe. Mwiba mmoja ukaiacha mingine yote nyuma ukaenda moja kwa moja kulia. Nafasi iliyobaki ikawa upana wa ukucha, halafu uzi. Mshale wa kipimo cha umeme ukaruka hadi mwisho, na Dakika akasema, "Shoti."

Profesa alichukua koti lake akatoka bila kuaga.

"Ningenyamaza," nikasema, "ungekuwa na nafasi yako."

"Ndiyo," akasema mwanangu.

Sikuthubutu kumgusa. Nikalia mimi, mtu mzima, mbele ya Dakika. Mwanangu alivuta daftari, akafungua ukurasa mpya, akapangusa uso kwa mkono wa shati.

"Nisomee skrini," akasema. "Mimi sioni vizuri."

Nikavaa miwani. "Saa tisa na dakika ishirini na mbili. Mwiba umegusa waya wa pili."

"Chumvi?"

"Kavu."

Akaandika.