Kigae cha Kona

Mume wangu ni fundi wa vigae, na wenzake humwita Profesa kwa sababu hapigi hesabu kwa kalamu. Hufumba jicho moja, jibu likatoka. Na mimi, mjinga wa watu, nilikuwa najivunia.

Mwenye duka la dawa alipotaka sakafu mpya, Profesa alipima: mita sita na nusu kwa nne na nusu. Akafumba jicho.

"Sita mara nne, ishirini na nne. Nusu mara nusu, robo. Mita za mraba ishirini na nne na robo, mama. Kila mita elfu kumi, basi ni laki mbili, elfu arobaini na mbili na mia tano."

Mama yule akatoa pesa ya vigae palepale. Ufundi, elfu hamsini, angelipa kazi ikiisha.

Hiyo elfu hamsini ndiyo iliyokuwa roho yangu. Cherehani yangu ilikuwa rehani kwa mwenye nyumba tangu kodi itushinde, na mwisho wa kuikomboa ulikuwa jioni ya siku ile ya kazi. Cherehani ndiyo inayotulisha, si Profesa.

Kila kigae kilikuwa nusu mita kwa nusu mita. Nilikoroga saruji, yeye akapanga. Alasiri akasimama ameshika kigae kimoja, cha mwisho, na kando ya kuta mbili sakafu bado tupu.

"Wametuibia kwenye duka la vigae," alisema.

Akahesabu upya. Hawakutuibia. Akakiweka kile kigae konani, kikaenea sawasawa, naye akabaki amepiga magoti.

"Nusu ya zile sita, mita tatu. Nusu ya zile nne, mbili. Mita tano nzima, mama watoto! Sikuzihesabu."

Mwenye duka la dawa alisikia. "Fundi, hesabu uliipiga wewe. Hizo tano ni elfu hamsini, zitoke kwenye ufundi wako."

Alisema kwa upole, nami sikupata hata wa kugombana naye.

Tulimaliza kazi. Sakafu ilipendeza, nikaichukia. Tulipofika nyumbani, nilisikia cherehani yangu ikilia chumbani kwa mwenye nyumba. Binti yake alikuwa anajifunza, anavuta uzi vibaya.

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa amefumba macho yote mawili.