Shati la Hilaire

Nilimchukia Hilaire kwa muda mrefu, na ubaya wake ni kwamba Hilaire alikuwa mimi.

Niseme vizuri. Mimi ni Latifa, mzaliwa wa Buyenzi, Bujumbura, na hapa Brussels kazi yangu ni kukarabati tramu, yale magari ya reli ya mjini. Mpenzi wangu Émérance ni mtu wa Bukavu. Anasuka nywele Matonge, mtaa wa Waafrika, kwenye saluni iliyo nyuma ya duka la unga wa muhogo na samaki wa chumvi. Anasuka na anatunga hadithi, vyote viwili kwa wakati mmoja. Mteja akishakaa, vidole vinaanza kazi na mdomo nao unaanza. Waandishi wengine hujifungia chumbani. Huyu anapima sentensi zake kwa vichwa vya watu. Mteja akichungulia simu, sentensi hiyo anaitupa. Kichwa kikigeuka ghafla, hata kama msuko umeharibika, anajua amepata. Akirudi nyumbani anaandika zile tu zilizogeuza vichwa. Nikimwambia ana kipaji ananicheka, lakini anacho, na mimi si mtu wa kusifu ovyo.

Hadithi iliyopendwa kuliko zote ilikuwa yetu sisi wawili. Jinsi tulivyokutana kwenye tramu iliyokwama karibu na Flagey, mvua inanyesha, mimi nimelala chini ya behewa na yeye ananishikia mwavuli bila kuombwa. Mkate wangu wa jana ninaouchovya kwenye chai. Pengo langu ninaloficha kwa mkono nikicheka. Kila kitu changu kilikuwemo, isipokuwa mimi mwenyewe. Saluni nzima ilimjua mtu huyo kwa jina la Hilaire, mwanamume mrefu mwenye mabega mapana.

"Hilaire alisema nini tena?" wateja waliuliza hata kabla ya kuvua koti. "Bon, na atamuoa lini?"

Nilikuwa naingia pale kumletea Émérance chakula, naitwa copine, yaani rafiki wa kike tu, nakaa pembeni nasikiliza nikisifiwa kwa jina la mwanamume. Niliwaka. Siku moja nyumbani nilimuuliza kama ni lazima niote ndevu ndipo nipendwe Matonge.

"Maman anasukwaka pale kila samedi," alijibu. "Unataka nimupoteze?"

Mama yake, maman Claudine, ni fundi cherehani anayeishi Ganshoren na kuimba kwaya. Alikimbia vita na binti huyo mgongoni, akamlea peke yake katika nchi ya baridi. Mimi pia alinilisha kwake mara nyingi, akidhani ni rafiki tu wa binti yake. Hadithi ya Hilaire aliifuata kila Jumamosi, ila kichwa chake hakikuwahi kugeuka. Alikaa wima kama yuko kanisani, na Émérance hakujua kamwe kama maneno yake yalimgusa.

Basi mwaka huu wanawake fulani wakaandaa alasiri ya kusoma, kwenye ukumbi mdogo karibu na uwanja wa Flagey. Ni wanawake wanaopenda wanawake, na kila mmoja angesoma kwa lugha ya kwao. Émérance akakubali.

"Kule nitasoma jina lako," aliniambia. "Lako kabisa."

Nililia, sioni haya kusema. Mama yake hakuambiwa.

Tulisahau kwamba saluni haina siri. Mteja mmoja, Mignonne, alimwambia maman Claudine kuwa hadithi ya Hilaire itasomwa Flagey. Maman Claudine akaelewa kama mama yeyote wa kwao angeelewa: binti anapomtaja mwanamume mbele ya watu, basi mwanamume huyo yuko tayari kujitambulisha kwa familia. Na mkwe hapokelewi mikono mitupu. Akanunua kitenge, akashona gauni la binti na shati la mkwe kwa kitambaa kimoja, akavikunja kwenye mfuko na kupanda basi.

Alifika wakati mwanamke wa Kimoroko anasoma kwa Kiberberi. Akakaa mstari wa mbele, mfuko mapajani, akawa anawakagua wanaume wachache waliokuwemo ukumbini, hasa mabega yao.

Nyuma ya pazia Émérance alimwona mama yake, akanishika mkono.

"Soma Hilaire," nilimwambia. "Wallahi sitakasirika."

Na nilimaanisha. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, nilimtaka Hilaire awepo.

Alipanda jukwaani, akamtazama mama yake, akaanza: "Miye napendaka mwanamuke. Jina lake Latifa, na siku ya kwanza nilimuona alikuwa chini ya tramu."

Watu wengi walikuwa wakifuata tafsiri iliyoonyeshwa ukutani. Mimi nilimtazama mmoja tu. Kwenye sehemu ya mwavuli, maman Claudine hakutikisika. Kwenye mkate wa jana, hakutikisika. Émérance alipofika kwenye pengo, kichwa cha mama yake kikageuka. Kiligeuka polepole, kikatafuta mstari kwa mstari wa viti, mpaka kikanikuta nimesimama kando ya pazia, mkono mdomoni.

Émérance aliona. Akasoma hadi mwisho bila kuruka neno. Baba yangu alikuwa mwanajeshi, lakini ushujaa wa namna ile niliuona siku hiyo tu.

Makofi yalipokwisha, mama alikuwa bado amekaa. Tulimwendea. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Donc," aliniambia, "weye njo Hilaire?"

"Ndiyo, maman, ni mimi."

"Ulikulaka kwangu, unaniita maman, na unanyamaza."

"Maman, ni miye nilimuambia anyamaze," Émérance akaingilia.

"Weye nakuja kwako, ngoja." Alijifuta uso kwa ncha ya kitenge chake. "Kule kanisa watasema. Alors, watasema. Miye nitalia na Mungu wangu, hiyo ni mambo yangu na yeye. Lakini sikushona hii shati juu ya kuirudisha Ganshoren."

Akalitoa, akanivalisha juu ya nguo zangu. Mabega ya shati yalinishukia karibu na viwiko, na mikono yake ikaficha vidole vyangu vyote. Maman Claudine akanizunguka, akachomoa pini kwenye ukosi wa gauni lake, akaanza kukunja kitambaa.

"Mukate ni kweli. Pengo ni kweli," alinung'unika, pini mdomoni. "Mabega tu njo alidanganya."

Nikacheka huku nalia, na mkono wangu, ndani ya shati la Hilaire, ukapanda kuficha pengo. Maman Claudine akaukamata njiani, akaushusha.

"Acha mudomo, mutoto yangu. Simama muzuri, nipime."