Kikohozi cha Zamu

Kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwenyekiti wa kijiji cha Solgae, Bwana Gi-tae, aliwasha kipaza sauti kilichofungwa juu ya ukumbi na kutangaza mambo ya siku hiyo: mbolea imefika, maji yatakatwa, mbuzi wa fulani amepotea. Tarehe tisa Septemba alitangaza majina.

"Aa, aa. Moja, mbili. Mmeamkaje? Nimepewa karatasi na daktari wa chuo kikuu. Sikilizeni vizuri, sirudii. Noh Pil-rye, mwenza wako ni Gam Bun-i wa Banjae. Bang Jeom-dol, mwenza wako..."

Alisoma jozi arobaini na moja za majina. Karatasi ilikuwa na mhuri mwekundu wa siri, lakini mwenyekiti hakuwahi kupewa karatasi asiitangaze, na hakuona sababu ya kuanza kuficha mambo akiwa na miaka sitini na nane.

Daktari Seo Yun-ha alipopata habari, alikuja ukumbini akakusanya watu. Kisha akawaeleza utafiti wake upya. Solgae iko chini ya kiwanda cha lami. Banjae iko nyuma ya mlima, moshi haufiki. Kila mtu wa Solgae alitafutiwa mwenza wa Banjae: mwanamke kwa mwanamke, umri kwa umri, mkulima wa vitunguu kwa mkulima wa vitunguu, mvutaji kwa mvutaji. Majira yote ya baridi wataulizwa wamekohoa siku ngapi na watapuliza kwenye mashine ya kupima nguvu za mapafu. Solgae ikikohoa zaidi, ziada hiyo ni ya moshi. Kibali cha kiwanda kinakwisha mwezi Machi, na baraza la mkoa limesema litaangalia takwimu tu.

"Wenza hawakutakiwa kujuana," alisema.

"Daktari, mtu asimame kwa ajili yangu miezi yote hiyo, halafu nisijue hata jina lake?" alisema Pil-rye. "Sisi tumelelewa na watu."

Pil-rye alikuwa na miaka sabini na miwili. Mumewe alikufa kwa kukohoa. Watu wa kiwanda walisema ni tumbaku, ingawa marehemu hakuwahi kuivuta. Tangu hapo Pil-rye naye alikohoa, na kwa mwaka wa nne sasa alilala akiwa ameketi. Alitaka dohani ya kiwanda izimwe kabla haijamzima yeye.

Novemba, wakati wa kutia chumvi kabichi, alijaza kimchi, kabichi iliyochachushwa kwa pilipili, kwenye bakuli la chuma, akalifunga kwa kitambaa, akapanda basi hadi Banjae. Bun-i alipokea kwa mikono miwili. Katika mabonde yale chombo cha mtu hakirudishwi kitupu, kwa hiyo bakuli lilirudi na matunda ya persimoni yaliyokaushwa. Likaenda na pilipili, likarudi na mafuta ya ufuta. Safari ya nne Bun-i alilileta mwenyewe, na halikuwa na kitu. Alikuta Pil-rye ameshika mlango anakohoa.

"Mwenza, hicho kikohozi unakilea peke yako?"

"Nikilee na nani? Mume wangu yuko kaburini."

"Basi nipe nikakae nacho mpaka Jumamosi. Kwangu kuna hewa, hakitapata shida."

Pil-rye alikohoa ndani ya bakuli mpaka kifua kikatulia. Walifunika, wakafunga kitambaa mafundo mawili. Kikohozi kilikuwa na uzito wa wali wa watu wawili. Bun-i alikipakata kwenye basi la saa nane mchana. Mlimani penye kona kidogo kilimwagika, na dereva akakohoa mpaka kituo kilichofuata.

"Mama, funga mizigo yako vizuri," alisema dereva.

Jumamosi Bun-i alikirudisha, Jumatano akaja kukichukua tena. Watu wa huko wamezoea kusaidiana kwa zamu, leo shamba lako, kesho langu, na wengine walipoona jambo hili halikuwa na ugumu nao wakaanza. Kufikia Desemba mabakuli arobaini na moja yalikuwa yakivuka mlima. Kampuni ya basi iliongeza safari moja ya Jumatano.

Mwishoni mwa Januari Daktari Seo alirudi na karatasi zake. Pil-rye: siku tatu kwa wiki. Bun-i: siku tatu kwa wiki. Jeom-dol: nne. Mwenza wake: tatu. Alijumlisha mara mbili, kisha akaenda kwa Pil-rye, ambaye alimweleza kila kitu huku akimmenyea chungwa.

Daktari hakula chungwa. "Bibi, baraza litaona vijiji viwili vinakohoa sawasawa. Watasema moshi hauna kosa."

"Lakini moshi tunauona."

"Baraza halitakuja kuuona. Litasoma takwimu. Kipimo cha mwisho ni baada ya mwaka mpya wa kalenda ya mwezi. Kila mtu achukue kikohozi chake."

Mwenyekiti alitangaza hivyo kesho yake. Wengi walikubali kwa mdomo. Kumwendea mtu aliyekusaidia na kumwambia basi, imetosha, ni jambo zito, na theluji ilikuwa imeanza.

Pil-rye alikwenda. Alimkuta Bun-i amekaa kwenye sakafu iliyopashwa moto kwa chini akichagua maharagwe, uso umemsinyaa.

"Nimekuja kukichukua. Chote."

"Ukikichukua leo kwa baridi hii, hufiki kwenu."

"Nikifika nacho, dohani inazimwa."

"Na usipofika? Maiti haihojiwi, mwenza wangu."

"Bun-i, kwani kimebaki kiasi gani huku?"

Bun-i aliendelea kuchagua maharagwe. Tangu Desemba alikuwa akirudisha nusu tu, na mara ya mwisho hakurudisha kitu. Bakuli lilikuwa zito kwa sababu alilijaza figili.

"Wewe mwizi," alisema Pil-rye.

"Ulikuwa unalala umekaa kama kuku. Subiri sikukuu ya mwaka mpya ipite, nitakupa chote na figili juu."

Walikunywa supu pamoja. Jioni Pil-rye akapanda basi na bakuli la figili.

Siku ya nne baada ya mwaka mpya huo, Bun-i alikufa. Hospitali iliandika mapafu. Kwenye msiba Pil-rye alilia kwa sauti ndefu isiyokatika, mpaka wanawake wa Banjae wakatazamana. Walisema ana kifua cha msichana wa miaka ishirini. Kikohozi hakikuonekana mahali popote ndani ya nyumba. Bun-i alikuwa ameondoka nacho.

Wiki iliyofuata Daktari Seo alikuja kwa kipimo cha mwisho.

"Wiki hii umekohoa siku ngapi, Bibi?"

"Saba. Mchana na usiku. Andika saba."

Daktari akampa mashine. Pil-rye alijaribu kupuliza kidogo, lakini mshale ulikwenda mpaka mwisho ukagota. Wote wawili waliutazama.

"Andika kweli, mwanangu," alisema Pil-rye.

Daktari akaandika sifuri. Habari za mabakuli aliziandika kwa urefu, kurasa tatu, pamoja na ratiba ya basi. Profesa wake aliziondoa. Alisema si kwamba haamini. Ni kwamba dodoso halikuwa na nafasi ya jambo hilo.

Baraza lilikaa Machi. Mstari wa kumi na saba wa takwimu ulisomeka: Solgae, hai, hakohoi, Banjae, amefariki, mapafu. Mistari mingine ilifanana nao kwa kiasi. Mjumbe mmoja aliuliza kama haingefaa kuwapima watu wa Banjae radoni, gesi itokayo ardhini. Kibali cha kiwanda kiliongezwa miaka kumi, na dohani ya pili ikaruhusiwa.

Siku hiyo Pil-rye alikuwa shambani akipalilia vitunguu. Alinyoosha mgongo, akavuta pumzi mpaka chini kabisa, kwa namna ambayo hakuwa ameiweza tangu mumewe azikwe. Hewa ilikuwa na ladha ya lami.