Ndege za Vita Kule Samunge

Mimi Nasieku sijawahi kuiona ndege ya vita, wala sina haja nayo. Lakini wanaume wa Samunge waliijadili mpaka nikatamani kuwacharaza mmoja mmoja.

Redio ilisema nchi jirani imenunua ndege za kivita. Basi asubuhi wazee wakakutana pale ofisi ya kijiji: nchi yetu nayo inunue, au fedha ziende kwingine? Wakati huo binti yangu Naeku, aliyeolewa na mtoto wa mzee Moloimet, yuko kwenye uchungu tangu jana. Mumewe yuko Karatu, analinda geti la hoteli. Mkunga akaniambia, "Mtoto amekaa vibaya. Hospitali, sasa hivi." Kijiji kizima gari ni moja, pikapu ya Kimaren, na Kimaren yuko mkutanoni.

Nikakimbia. Nikamkuta Mwalimu Filbert, mtu wa Mbulu, ameshika rungu la mkutano, maana kwetu anayelishika ndiye anayesema. "Bei ya ndege moja," anauliza, "ni magari ya wagonjwa mangapi?" Watu makofi. Magari ya wagonjwa, jamani! Na mimi nimesimama pale nahema!

Nikamnong'oneza Kimaren. Akatazama chini. "Mama, nikiinuka wakati mtu ana rungu natozwa faini ya mtamba wa ng'ombe. Vumilia kidogo."

Filbert akampa Moloimet rungu. Nikamshukuru Mungu, maana huyu ndiye babu wa mtoto. "Mkwe wangu," nikaanza, "Naeku..." Akaninyamazisha kwa mkono. Mwanamke haongei mbele ya rungu. Akasema nchi bila ndege ni boma bila miiba, fisi ataingia. Akatoka kwa fisi akaenda vita vya Kagera, akarudi kwa fisi. Jua likapanda, yeye bado.

Hasira ikanipanda. Nikampokonya rungu.

"Fisi gani, Moloimet? Mjukuu wako anakufa, wewe unalinda mipaka! Kimaren, washa gari!"

Kimaren akainuka, lakini tulifika hospitali tumeshachelewa. Naeku alipona. Mtoto, wa kiume, hakulia hata mara moja. Daktari akasema tungemwahisha Naeku saa moja tu mapema, mtoto angeishi.

Siku ya tatu wazee wakaja bomani kwangu, Moloimet mbele, haniangalii usoni. Wakasema mwanamke ameshika rungu, amevunja mila, faini yake mtamba. Filbert naye alikuwepo. Akasema pole sana mama, ila utaratibu ni utaratibu. Lo!

Nikamfungua mtamba wangu mwekundu, nikamkabidhi Moloimet kamba.

"Mchukue, mkwe. Kamuuze, mkanunue hiyo ndege yenu. Halafu ingia ndani umwone Naeku. Kifua kimemjaa, maziwa ya mjukuu wako anayakamulia chini."