Timu ya Kuazima

Mimi ni fundi cherehani, na nasema hivi kila mtu asikie: nguo ya kuazima haisitiri matako. Wahenga waliposema hivyo hawakuwa wakizungumzia nguo tu. Walikuwa wametuona sisi, mimi na mume wangu, tumekaa mbele ya televisheni kila Kombe la Dunia tukishangilia nchi za watu.

Maana nchi yetu ilikuwa haijawahi kwenda. Hata mara moja! Kila safari tunaanza mechi za kufuzu kwa mbwembwe, waziri anapiga mpira wa kwanza na kiatu chake cha ngozi, kisha tunafungwa ugenini, tunatoka sare nyumbani, na redioni wanaanza kutuambia kwamba tunajenga timu ya baadaye. Hiyo baadaye nimeisubiri tangu nikiwa na kiuno.

Basi tukawa tunaazima. Kombe likikaribia, kila mtu nyumbani kwetu anatangaza timu aliyoazima, na hakuna kubadilisha mpaka itolewe. Mume wangu, ambaye mtaa mzima unamwita Kocha ingawa maisha yake yote alikuwa fundi umeme, aliazima Uholanzi. Nilimwuliza, wewe umelishwa nini na hawa watu? Fainali tatu, kombe hakuna! Akasema anawapenda kwa sababu wanajua kusubiri. Mimi niliazima Brazili, kwa sababu za kikazi. Mbrazili anacheza kama aliyelelewa na fundi nguo: huyu anavishwa kanzu, mpira umempita juu ya kichwa na bado anautafuta miguuni, yule anapigwa tobo katikati ya miguu mchana kweupe. Siku hizi wamezidi kujiangusha, na nawasema kwa kuwa nawapenda. Wajerumani nawaheshimu tu, mshono wao hauna kasoro lakini nguo haina raha. Waitalia ndio sitaki hata kuwasikia. Wanafunga goli moja, halafu wanafunga na mlango.

Kocha naye alikuwa na utani wake. Akinikuta nimesimama na pasi ya moto mkononi anasema, "Kazi yako pasi, na viungo wangu wa Uholanzi kazi yao pasi, ila zako angalau zinafika." Ndiyo maana akaniita Bibi Pasi. Jina hilo alilitumia yeye peke yake, na mtu mwingine angelijaribu ningemtoa mbio.

Timu za bara letu hatukuziazima. Hizo ni za ndugu, na cha ndugu hakiazimwi, unachukua. Kameruni walipomshinda bingwa mtetezi huku wamebaki tisa uwanjani, Kocha alitoka nje bila shati. Lakini Ghana! Jamani, Ghana ile. Mpira wao unaingia, mpinzani anauzuia kwa mkono kwenye mstari kama ndiye kipa, penalti, sekunde za mwisho kabisa za muda wa nyongeza, na penalti yenyewe ikagonga mtambaapanya. Ule mwamba wa juu nauchukia mpaka leo.

Kocha alizima televisheni. Kisha akanishika mkono.

"Siku yetu itafika," akasema. "Ikifika, tuiangalie mimi na wewe, hapa hapa kwenye kochi hili. Sitaki kusimuliwa. Na unishonee shati la rangi zetu, langu mwenyewe, nimechoka kuazima."

Nilinunua kitambaa wiki ile ile. Nikakitia sandukuni, chini ya mashuka, kikasubiri pamoja nasi.

Kisha Kocha akaanza kusahau. Kwanza bisibisi, mahali alipoiweka, halafu inafanya kazi gani. Baadaye akasahau njia ya kurudi kutoka kwa kinyozi, na kinyozi yuko hapo kona tu. Daktari alisema ni ugonjwa wa kusahau na hakuna dawa ya kuurudisha nyuma. Binti yetu, ambaye ni muuguzi, alinieleza kwa lugha ya kueleweka: ya jana yanatoka kwanza, ya zamani yanabaki. Nikajipa moyo. Mpira ni wa zamani, nikasema, mpira utabaki.

Ulibaki, ila umechanganyika. Siku moja kinyozi alikuja nyumbani kumnyoa ndevu, na Kocha, povu mashavuni, akaanza: "Mwaka ule tulipokwenda Kombe la Dunia..." Kinyozi akasimamisha wembe, akanitazama. Kocha akaendelea. Dakika ya mwisho, penalti, kijana wetu ameweka mpira chini, kapiga, umepita chini kidogo ya mtambaapanya, wavuni! Ilikuwa penalti ya Ghana, amewavua jezi na kuwavisha yetu, na safari hii imeingia.

"Kocha," nikasema, "sisi hatujawahi kwenda."

Akanitazama. "Hatujaenda?" Machozi yakamtoka, na povu likafuata njia hiyo hiyo. Tulipomaliza kula akaisimulia tena, nikamsahihisha tena, akalia upya kabisa. Kesho yake hivyo hivyo. Binti yangu akanivuta jikoni.

"Mama, kila siku unampa baba taarifa ya msiba. Inakusaidia nini?"

Nilimjibu vibaya, kwa sababu hakuwa na la kunifundisha kuhusu mume wangu. Lakini kuanzia hapo sikusahihisha. Akianza na ile penalti yake nashika mkasi, nakata, naitikia ndiyo, ndiyo. Na iliniuma, nisifiche. Nilikuwa na mume aliyekaa hatua mbili kutoka kwenye cherehani yangu, na bado nilimtamani kama mtu aliyesafiri asiyeandika barua.

Sasa mwaka huu, Mungu hana haraka, timu yetu ikafika mechi ya mwisho ya kufuzu ikiwa bado inapumua. Mechi nyumbani. Tukishinda tunakwenda, tukitoka sare tunarudi kujenga timu ya baadaye. Na timu yenyewe nitawaambia ukweli: kipa wetu mzuri akiamka vizuri. Beki wa kulia analala. Nahodha, ambaye watu wanamwita Babu, ana magoti ya mtu wa kuombewa. Lakini tuna yule mdogo wa pembeni kushoto, Kijiko, mwembamba kweli, na huyo akishika mpira hata mimi naacha kukanyaga cherehani.

Nilitoa kitambaa sandukuni. Nikamsimamisha Kocha, nikampima kwa futi, kifua kimepungua, mabega yameshuka.

"Tunakwenda wapi?" akauliza.

"Mpirani."

"Nani anacheza?"

"Sisi."

"Aa," akasema, akatabasamu. "Sisi."

Nilishona mashati mawili, lake na langu, na sikuweka mshono wa haraka hata mmoja. Nilipokuwa nashona nilimwomba Mungu jambo moja, na wala halikuwa ushindi. Nilitaka alasiri ile Kocha awepo. Nilitaka filimbi ikilia nigeuke nione uso wake ukishangaa, tushangae pamoja, mara moja tu, kisha ugonjwa uendelee na kazi yake.

Na mjue, alikuja! Kipindi cha kwanza, hapo kwenye kochi letu, alikuwa Kocha mwenyewe. "Beki wa kulia amelala, mwamsheni!" Akamtukana refa matusi ya heshima. Mapumziko yalipofika nilimletea chai, akanitazama, akasema, "Bibi Pasi, sukari umeificha wapi?" Sikuwa nimelisikia jina hilo kwa muda mrefu. Nilikwenda kusimama jikoni kidogo, nikajifuta kwa pindo la shati jipya, nikarudi na sukari.

Kipindi cha pili alianza kunyamaza. Mkono wake ukawa unachezea kifungo, anakifungua, anakifunga. Nilimwita, akaitika tu. Kocha, subiri kidogo, nikawa naomba moyoni, usiondoke sasa hivi.

Dakika zinayoyoma, bado sufuri kwa sufuri. Kijiko akapokea mpira kule kushoto. Beki akamjia mzima mzima. Kijiko akamvisha kanzu, mpya, ndefu, mpaka kwenye kifundo! Krosi ikaja. Babu, na magoti yake yale, akaruka kuliko wote, kichwa, mtambaapanya. Lakini safari hii mpira ukagonga mwamba ukadondoka ndani, nyuma ya mstari, refa anaonyesha katikati ya uwanja.

Sijui nilipiga kelele gani. Filimbi ya mwisho ilipolia mtaa ulipasuka. Watu wanagonga masufuria, kinyozi ametoka mbio na mteja wake, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado. Nikapiga magoti mbele ya kochi, nikamshika Kocha mashavu yote mawili.

"Kocha! Tumefuzu! Tunakwenda Kombe la Dunia!"

Akatazama televisheni. Akanitazama mimi.

"Tena?" akasema.

Hasira ilinipanda mpaka kooni, nusura nimpige na mto. Umri wote huu nimesubiri, mashati nimeshona, na mwenzangu ananiambia tena! Alikwishakwenda. Alikwenda peke yake, akaniacha huku na mkasi wangu.

"Enhe," nikasema, na sauti haikuwa nzuri. "Na hiyo mara ya kwanza, mimi nilikuwa wapi?"

Kocha akanitazama kwa huruma, vile binti yetu anavyomtazama yeye. Akashika shati lake kifuani, akalisugua kitambaa kwa vidole viwili.

"Si ulikuwa umekaa hapa hapa na mimi? Na shati hili si ulinishonea wewe?" Akanipigapiga begani. "Umeanza kusahau, Bibi Pasi. Pole."

Nje walikuwa wanaimba. Simu ililia, bila shaka ni binti yangu, nikaiacha ilie. Nilinyanyuka nikakaa kwenye kochi, bega langu kwenye bega lake, kitambaa kimoja.

"Kweli nimesahau," nikamwambia. "Hebu nisimulie."

Akanishika mkono, akaanza na ile penalti.