Korongo Aliyechechemea Saa Kumi

Mimi ni dalali. Nauza makabati na vitanda kuukuu mnadani, na mdomo wangu ndio jembe langu. Kwa hiyo mkisikia nilikaa wiki tatu mahali ambapo mtu haruhusiwi hata kupiga chafya, mjue sikupenda. Nilipelekwa na marehemu mdogo wangu.

Alikuwa akijitolea kwenye kituo cha kuuguza wanyama wa porini, nje kidogo ya mji, na kazi yake ilikuwa kumlea kinda wa korongo tangu siku alipototolewa. Pale kituoni makinda hawaoni uso wa mtu wala hawasikii sauti yake, kwa sababu wakishatuzoea hawataki tena kwenda kwa wenzao. Mlezi anavaa koti la kijivu linalofika miguuni na kofia yenye kitambaa cha wavu usoni. Mkononi anavaa kichwa cha korongo kilichoshonwa kwa kitambaa, na anamlisha kinda kwa mdomo wa kile kichwa. Saa kumi alasiri anamtembeza kuzunguka uwanja wenye wavu pembeni na wazi juu, naye kinda anamfuata.

Wiki ya mazishi, shemeji yangu, mume wa marehemu, alinikabidhi lile koti kwenye mfuko.

"Shemeji, alisema umalizie wewe. Alisema usimwache mpaka umwone amepaa."

"Mimi na ndege wapi na wapi?"

"Ndivyo alivyosema."

Ungefanyaje? Nikalichukua. Bado lilikuwa linanukia sabuni yake.

Msimamizi wa kituo tulimwita Bwana Kaptula, maana hata mazishini alikuja magoti wazi. Akanieleza hali bila kuzunguka. Korongo wa porini walikuwa bwawani, na mvua zikianza wangeondoka. Huyu wetu mabawa yalishakomaa lakini hajawahi kuruka. Kama hatapaa ndani ya wiki tatu atapelekwa bustani ya wanyama, akatwe ncha ya bawa, akae ndani mpaka afe.

"Mlezi anatakiwa akimbie mbele yake huku anapunga mikono," akasema. "Naye atakimbia, atajikuta juu. Marehemu hakuweza, lile goti lake."

Mdogo wangu alikuwa anachechemea mguu wa kushoto tangu utotoni.

"Basi hilo dogo," nikamwambia. "Mimi nimeshakimbiza wezi wa viti."

Siku ya kwanza nikaingia uwanjani saa kumi kamili, nimejifunika gubigubi. Korongo alikuwa mrefu, ananifika kiunoni. Hakunitazama. Aliinua shingo akatazama pembeni yangu, hatua moja hivi kutoka bega langu la kushoto, halafu akaanza kutembea. Akawa anachechemea. Alipofika nguzo ya tatu akasimama, kama mtu anayemngoja mwenzake apumzishe goti. Kisha akaendelea. Nywele zilinisimama ndani ya ile kofia, na sikuwa na ruhusa ya kusema hata "mama yangu".

Daktari wa wanyama, dada mmoja wa maneno machache, akampiga picha ya mguu. Mfupa mzima.

"Ni mazoea," akasema. "Ameiga mwendo wa aliyemlea."

"Na mwenda pole hajikwai," Bwana Kaptula akatania. Nikacheka nao, nikajipa moyo.

Lakini mazoea hayashibishi tumbo. Yule ndege alikataa chakula changu katakata. Nilimshikia minyoo kwenye ule mdomo wa kitambaa mpaka mkono ukafa ganzi, akanipita tu. Halafu akasimama, akafungua mdomo mbele ya hewa tupu, akaufunga, akainua shingo na kumeza. Nililiona tonge likishuka kooni.

Ndoo yangu ilirudi imejaa kila siku. Ijumaa daktari akampima uzito, akaukuta umepanda gramu mia mbili. Akabadilisha mizani, akapima tena, akaandika, akafunga daftari. Tangu siku hiyo, ikikaribia saa kumi alikuwa na kazi nyingi upande wa pili wa kituo. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Wangekuja wamwone huyu.

Mtu mwenye akili timamu angeliacha lile koti getini akaondoka zake. Mimi, nisiwafiche, nilifurahi. Nikaanza kufunga mnada mapema nisichelewe. Tukawa tunazunguka, mdogo wangu kushoto, mimi kulia, korongo nyuma yetu, nami napunguza hatua ili asiachwe. Kusema ilikuwa marufuku, kwa hiyo nikawa nasema naye moyoni. Nilimwomba radhi. Siku yake ya mwisho alinipigia simu kutoka hospitali akaniomba niende, nikamwambia kuna kabati linagombewa na wateja wawili, nitakuja kesho. Kesho yake nikakuta kitanda kimeshatandikwa upya. Nilimweleza hayo kila siku, mzunguko mzima, na kila siku nilitoka pale moyo umepungua uzito.

Siku zikaisha huku najifanya sizihesabu. Nilikimbia, ndiyo. Nilikimbia na kupunga mikono kama mwendawazimu, koti linanikwaza, jasho linanitoka. Korongo alinitazama mara moja tu, akarudi kwa yule asiyeweza kukimbia.

Ijumaa ya mwisho mawingu yalikuwa yameshuka. Gari lenye tundu la kumbebea lilikuwa limeegeshwa getini. Kule bwawani korongo wa porini walianza kupaa, wanazunguka juu wakiitana, na wa kwetu akainua kichwa kuwasikiliza. Akapiga hatua mbili kwenda upande wao, mabawa nusu wazi. Kisha akageuka kushoto, akayafunga, akaanza kuchechemea.

Hapo nikaelewa nilichokuwa sitaki kuelewa. Mdogo wangu akiwepo, huyu hatapaa.

Nikasimama mbele ya ile hewa tupu. Nje ya wavu Bwana Kaptula ameshika kichwa kwa mikono miwili. Nikafungua mdomo.

"Mdogo wangu," nikasema taratibu. "Ondoka."

Korongo akashtuka. Hakuwahi kusikia sauti ya mtu maishani mwake. Lakini hakukimbia, alijisogeza karibu zaidi na pale pasipo na mtu. Na mkono wangu wa kushoto nikausikia unavutwa. Kitambaa cha koti kilivutika mbele ya macho yangu, polepole, kama mtoto anayemshika dada yake asimwache nyumbani. Upepo haukuwepo. Nililia, siwafichi, nililia ndani ya ile kofia mpaka nikawa sioni.

Kisha nikapiga moyo konde, nikatoa sauti ya mnadani.

"Nimesema ondoka. Huyu ndege atakatwa bawa kwa ajili yako. Umekufa, mdogo wangu, umekufa. Nenda, usirudi tena. Usirudi hapa wala usirudi popote."

Koti likaachiwa.

Korongo akatazama kushoto, akatazama nyuma, akazunguka mara mbili mahali pale pale akitafuta. Halafu, kwa mara ya kwanza, akanitazama mimi. Nikamrukia nikipiga kelele zote nilizozimeza wiki tatu. Akakimbia. Miguu yote miwili ilikuwa sawa. Mabawa yakafunguka, akapita juu ya wavu, juu ya gari la tundu, akaenda kuingia katikati ya wenzake. Nilimwangalia mpaka sikuweza tena kumtofautisha. Bwana Kaptula alikuja kunishika bega, analia na kucheka.

Nilipofika nyumbani, shemeji akanipigia simu.

"Amepaa?"

"Amepaa, shemeji."

Akamshukuru Mungu.

"Shemeji," akasema, "sikukwambia, ungesema nimechanganyikiwa. Tangu tumzike, kila siku saa kumi na moja na nusu mlango wa nyuma unafunguka, kama wakati ule akitoka kituoni. Nasikia mguu wake unaburuzika mpaka kwenye kiti chake cha jikoni. Hasemi kitu. Anakaa tu na mimi mpaka usingizi unanichukua." Akakohoa kidogo. "Leo kimya. Umemwacha huko?"

Nikajishika mkono wa kushoto, pale koti lilipovutwa.

"Labda amechelewa tu," akasema. "Acha niendelee kumsubiri."